Samaki wa baba anatibua maji, mume wangu anataka aondoke

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Nzuguni hapa Dodoma. Mume wangu ni mtu wa huku huku, kwao Bahi. Mimi ni wa Kilwa Kivinje. Mama yangu alipofariki nilimchukua baba nije kukaa naye, maana kule alibaki peke yake na macho yalishaanza kumsumbua. Baba amevua samaki maisha yake yote. Kumtoa pwani na kumleta kwenye upepo na vumbi la Dodoma haikuwa jambo dogo. Mwanzoni alikuwa anashinda barazani anaangalia barabara, chakula anakigusa tu, ukimuuliza hali anajibu, "Nipo."

Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam ndiye aliyetuletea tangi la vioo la samaki wa baharini. Lina urefu wa sentimita 120, upana 40, kimo 50, pamoja na pampu, chujio na taa. Chumvi maalumu ya kutengenezea maji ya bahari tunaagiza Dar. Kuna samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, mmoja mdogo wa buluu, na huyu ambaye ndiye habari yenyewe. Mwili wake mweupe, kichwa cha manjano, na chini ya jicho ana mstari wa buluu unaong'aa. Kutwa anachimba. Anajaza mchanga mdomoni, anainuka kidogo, anacheua, kisha mchanga unamwagika kupitia mashavuni pande zote mbili. Baba anasogeza kiti mpaka pua inakaribia kugusa kioo. Anawasimulia wajukuu zake kila anachokiona, na tangu tangi lije anakula sahani yake yote.

Shida ni maji. Yamekuwa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Asubuhi yana nafuu, lakini huyo samaki akianza kazi, saa nne huoni ukuta wa nyuma wa tangi. Nabadilisha maji kila wiki, madumu mawili ya lita 20, na keshokutwa hali ni ile ile.

Mume wangu hakukataa tangi. Hata mchanga wa nyongeza aliuleta yeye bila kutumwa, viroba viwili kutoka korongoni, akasema mzee wetu samaki wake apate pa kuchimba. Lakini sasa amebadilika. Maji kwetu yanatoka kwa mgao, tunaweka akiba kwenye simtanki, na kila anaponiona namwaga ndoo uso unamkunjamana. Juzi alisema, "Mimi nimekua tunachota maji na punda, leo yanamwagwa kwa ajili ya samaki hata hatumli!" Pia mdogo wake wa kike anakuja kuposwa, na wageni watapokelewa kwetu. Wifi yangu mkubwa alipopita alisema, "Hili tope sebuleni la nini?" Tangu siku hiyo mume wangu anasema kabla ya wageni samaki huyo apelekwe hata Mtera akaachiwe bwawani, au mchanga wote utolewe libaki kioo kitupu.

Baba nilipomgusia alisema samaki huyo kachimba toka azaliwe, akitolewa yeye watolewe wote na tangi lenyewe. Akanyamaza. Mume wangu kwa sababu ya heshima ya ukweni hamwambii kitu, yote ananiambia mimi. Naona kama hamtaki baba yangu, ila anapitia kwa samaki.

Dukani wameniuzia dawa ya kusafisha maji, sijaitia bado. Na usiku mwingine tunasikia mawe ya ndani ya tangi yakigongana. Nimtoe samaki, nitoe mchanga, au niuze tangi yaishe?

Mwanao, Nzuguni.

—

Marahaba mwanangu. Pole kwa mzigo, na nampa pole mzee kwa kufiwa.

Kabla ya lolote, hayo mawe. Hilo lisisubiri ushauri wangu mrefu. Samaki wa aina hii huchimba chini ya jiwe ajitengenezee pango la kulala. Kama mawe yamepangwa juu ya mchanga, anachimbua msingi wake, na siku moja jiwe litaanguka juu yake au litagonga kioo. Tangi lako ni la lita 240; hizo zikimwagika sebuleni usiku hamtakuwa na la kubishania tena. Mawe yakae moja kwa moja kwenye sakafu ya tangi, imara, kisha mchanga uyazunguke. Achimbe atakavyo, hayatasogea. Na tangi liwe na kifuniko chenye matundu, kwa sababu samaki hawa wakishtuka huruka nje.

Sasa tuje kwenye barua yako. Umeniuliza nani aondoke, samaki, mchanga au tangi. Mimi nimebaki na swali la nyuma ya hilo: huo ukungu ni kitu gani? Nyumba nzima imekubaliana kwamba samaki ndiye mkosaji. Mume anasema aondolewe, baba anasema aachwe, lakini wote wawili wanakubali kwamba yeye ndiye chanzo. Kwa maelezo yako anafanana sana na samaki wa kundi la gobi, wale wanaoitwa kitaalamu Valenciennea, na wapo katika bahari yetu hii ya Hindi. Kazi yao ndiyo hiyo uliyoiona: kuchekecha mchanga, kumeza wadudu wadogo waliomo, na kuutoa mchanga kupitia matamvua. Ila mchanga safi wenye punje za milimita moja mpaka mbili ukimwagika kutoka kwenye mashavu ya samaki unaanguka hapo hapo. Hauelei mpaka ukuta wa nyuma usionekane. Kinachoelea ni vumbi, na vumbi lina pahali lilipotoka.

Kuna sentensi moja umeipita haraka: viroba viwili vya mchanga wa korongoni.

Mchanga wa makorongo ya kwetu hutokana na miamba iliyomomonyoka, na mara nyingi mvua huuleta umechanganyika na udongo wa mfinyanzi. Kwa kujengea ni mzuri. Kwenye tangi, ule mfinyanzi ndio unaotesa. Mzee wako anaijua hali hii kuliko mimi, kwa kuwa mtu wa Kilwa ameona maji mekundu ya Rufiji yanavyoingia baharini. Maji matamu hubeba tope muda mrefu, lakini likikutana na chumvi, chembe zake hushikana na kuzama. Ndani ya tangi lenu tope linazama usiku, ndiyo maana asubuhi kuna nafuu. Linakaa juu ya mchanga, laini, jepesi, na samaki akiamka analiamsha. Ukibadilisha maji unaondoa kilichoelea saa hiyo tu. Shina la tatizo limebaki chini.

Sisemi ndivyo ilivyo, mimi sijaliona tangi. Lakini linapimika. Siku samaki amechimba sana, chota glasi moja ya maji ya tangi, ifunike, iache mpaka kesho yake bila kuitikisa. Ukikuta juu ni maangavu na chini kuna tabaka, ni vumbi. Lishike kati ya vidole: likiteleza na lina wekunduwekundu au ukahawia, ni mfinyanzi, likikwaruza na ni jeupe, ni unga wa matumbawe au chokaa. Ukikuta maji yamebaki na uziwa vile vile, basi hao ni bakteria waliozaliana, pengine kwa chakula kinachobaki au kiumbe kilichofia nyuma ya jiwe, na samaki mchimbaji atakuwa amesingiziwa kabisa. Hapo utapunguza chakula na kupima haraka amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki na vitu vinavyooza, ambayo inatakiwa iwe sifuri. Jaribu pia kutia mchanga kidogo uliobaki kwenye kiroba, kama upo, ndani ya chupa ya maji ya kawaida. Tikisa, kisha tazama. Punje zitashuka papo hapo, na kilichobaki juu ndicho mlichokitia sebuleni.

Na hapa pana ugumu ambao si wa maji. Ikionekana ni mchanga wa korongoni, maana yake ni kwamba mumeo, aliyetaka kumpendeza mkwewe, ndiye aliyeleta ukungu bila kujua. Ukilipeleka jambo hili kama ushindi, "kumbe ni wewe," utamvunja mtu aliyebeba viroba viwili bila kuombwa. Ningekuwa wewe ningemwachia glasi aione mwenyewe, tena ikiwezekana baba akiwa hapo. Mambo ya mchanga na maji ni mambo ambayo wanaume wawili wanaostahiana wanaweza kuyazungumza bila kuvunja ukwe. Inawezekana pia baba atasema neno zito mbele ya mkwewe. Wewe unawajua, pima.

Umeandika kwamba mumeo hamtaki baba. Nimeirudia barua yako nikitafuta neno lake linalosema hivyo, sikuliona. Nilichokiona ni mtoto wa Bahi aliyekua akifuata maji na punda, na leo anaona madumu mawili yakimwagwa kila wiki. Kwa mtu wa Dodoma maji yaliyomwagwa yanauma kweli kweli, na hayo yenu yana gharama nyingine ndani yake: maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita, kwa hiyo lita 40 zinaondoka na karibu kilo moja na nusu ya chumvi mliyoiagiza Dar. Huenda kuna mengine moyoni mwake, sijui. Lakini kabla ya kuamini kwamba samaki ni njia ya kumfikia baba, jaribu kumpunguzia hayo maumivu ya maji uone kinachobaki.

Na yanapungua. Kama ukungu ni vumbi, madumu hayo mawili hayakusaidii kitu. Weka pamba ya chujio, ile nyeupe ya nyuzinyuzi, mahali maji yanapoingilia, na uibadilishe au uifue kila baada ya siku mbili tatu. Usiiache ikaoza humo, uchafu ulionaswa huoza na mwishowe hugeuka kuwa naitreti, uchafu usioonekana unaojikusanya majini, na maji yanaharibika huku yakionekana safi. Sponji ya chujio ioshe kwa maji uliyoyatoa kwenye tangi, usitumie ya bombani yenye klorini, kwa kuwa sponji hiyo inabeba bakteria wanaowasafishia maji. Geuza pampu ya kusukuma maji itazame juu, mkondo usipige sakafuni. Kwa mabadiliko ya kawaida, lita 20 mpaka 25 kwa wakati mmoja zinaweza kutosha, ukifuata kipimo cha naitreti. Na maji yanapopungua kwa jua na upepo wa kiangazi, ongeza maji baridi yasiyo na chumvi. Chumvi haipandi na mvuke, inabaki tangini. Ukiongeza ya chumvi juu yake unawakausha samaki. Kipimo cha uzito wa maji, kinachoonyesha kiasi cha chumvi, kibaki karibu na 1.025. Maji ya visima vya hapa yana madini mengi, kwa hiyo ukipata yaliyochujwa madini ni bora zaidi. Maji yaliyotoka tangini msimwagie miti wala mzabibu, chumvi itaiua.

Kuhusu ile dawa. Dawa nyingi za aina hiyo hushikanisha chembe ili chujio lizinase, na maji hung'aa kwa muda. Chanzo kikiwa bado kipo chini, ukungu unarudi. Ukizidisha, matamvua ya samaki yanadhurika na hewa majini inapungua. Soma kama imeandikwa inafaa maji ya bahari. Kama haikuandikwa, iache kwenye chupa yake.

Sasa njia ulizozitaja wewe.

Kumtoa samaki. Maji yanaweza kutulia siku chache tu, hilo ni kweli, na wageni watakuta kioo kizuri. Ila tope litakuwa limelala palepale, na mkono wa kwanza ukiingia kusafisha litaamka. Na aende wapi? Mtera hapana, mwanangu. Lile ni bwawa la maji baridi. Samaki wa bahari akitiwa humo maji yanamvamia mwilini, anakufa. Kumrudisha baharini nako kuna hatari, kwa kuwa aliyeishi tangini anaweza kuwapelekea ugonjwa walioko huko. Inabaki kumpata mfugaji mwingine mwenye tangi kubwa lililokomaa, au kaka yako ampokee Dar, na hiyo ni safari ya kilomita kama 450 ndani ya mfuko wa maji na hewa. Inawezekana. Inachosha samaki. Na baba ameshakwambia yeye itamfanya nini.

Kuna sababu moja tu inayonifanya nisiifunge njia hiyo, nayo ni tumbo la samaki. Watu hudhani anakula mchanga. Anakula wadudu waliomo mchangani, na kwenye tangi la kadiri hiyo wanaweza kuisha, akabaki anachekecha mchanga mtupu kutwa nzima huku akikonda. Mtazame kwa ubavuni, nyuma kidogo ya kichwa. Tumbo likiwa limebonyea ana njaa, hata kama anaonekana ana bidii. Mpeni chakula kinachozama, uduvi mdogo au vipande vidogo sana vya kamba vilivyoyeyushwa barafu, kidogo kidogo mara tatu kwa siku. Kazi hiyo ingemfaa baba, anakaa hapo hapo. Akiendelea kukonda pamoja na hayo yote, basi kumtafutia kwingine kutakuwa ni kwa ajili yake mwenyewe, na mvuvi wa zamani nadhani ataelewa akielezwa hivyo. Mtu akikwambia ununue wa pili kwa kuwa kwa asili huishi wawili wawili, ngoja kwanza. Kushibisha mmoja tu ni kazi.

Kutoa mchanga wote. Kioo kitupu ni rahisi kusafisha, wapo wanaofuga hivyo. Kwa samaki huyu ni kumnyang'anya kazi, chakula na kitanda. Na mchanga una bakteria wanaogeuza amonia; ukiutoa siku moja, amonia inaweza kupanda na wote wanne wakaangamia wiki ya wageni. Mumeo anaweza kuwa anaona ni jambo la alasiri moja, kumbe siyo.

Kubadilisha mchanga ni kitu kingine. Unanyonya kwa mpira, taratibu, robo ya sakafu kwa wakati, tope linapanda na maji kwenda kwenye ndoo badala ya kutawanyika. Unasubiri wiki moja au mbili, unapima amonia, unaendelea. Ukikutana na sehemu nyeusi yenye harufu ya yai bovu, usiikoroge. Hiyo ni hewa yenye sumu, itoe kwa mpira peke yake bila kuitibua. Mchanga mpya uwe wa matumbawe au makombe ya baharini, wenye punje za mviringo. Zikiwa na ncha zinamkata mdomo na matamvua, na zikizidi milimita tatu hawezi kuzichekecha. Uoshwe kwenye ndoo mpaka maji yatoke maangavu, na maji hayo ya kuoshea, kama bado hayana chumvi, yamwagieni miti, mumeo ayaone yakifanya kazi. Njia hii ina ubaya wake: ni pesa ya mchanga, ni subira, na huenda wageni wakafika kabla haijaisha. Katikati ya kazi maji yanaweza hata kuzidi kuchafuka kwa muda.

Kuuza tangi sina la kusema zaidi ya ulilosema wewe kuhusu sahani ya baba.

Kuhusu wifi yako na siku ya posa, sina hakika kama maji yatakuwa yameng'aa. Pamba mpya ya chujio ikiwekwa siku mbili kabla, na asubuhi hiyo samaki akishibishwa mapema, ukungu huwa mdogo. Pengine mumeo ana aibu ya nyumba yake kuchekwa na dada zake, na hiyo ni aibu ya kawaida ya mwenyeji. Muulize moja kwa moja: kinachokuumiza ni maji, ni pesa, ni maneno ya dada yako, au ni baba kukaa kwetu? Muulize mkiwa wawili, tena usimjibie. Wewe ndiye unayebeba maneno ya huyu kuyapeleka kwa yule, na kila unapoyabeba unayalainisha upande mmoja na kuyaongezea uchungu upande mwingine, hata kama hutaki. Kama jibu ni hilo la mwisho, la baba kukaa kwenu, halina uhusiano na samaki wala mchanga, na litahitaji mtu mzima wa upande wa mumeo anayeheshimiwa na wote wawili kukaa na nyinyi. Kama ni lile la kwanza, la maji, mnaweza kulimaliza kwa pamba ya chujio.

Anza na mawe leo, glasi kesho. Kisha niandikie umekuta nini chini ya glasi, na tumbo la samaki linaonekanaje.